Kiraka juu ya kutu: jinsi nilivyotengeneza chesesi ya pikapu yangu mara mbili

Bisibisi ilizama hadi mpini ndani ya chesesi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima. Nilikuwa nimelala chali chini ya pikapu, vumbi jekundu likinidondokea usoni, nikajiuliza miaka yote hii nimekuwa nikibebea mizigo juu ya kitu gani. Kilichoniuma zaidi ni kwamba haikuzama kwenye sehemu niliyokuwa sijaigusa. Ilizama pembeni ya kiraka nilichokichomelea mwenyewe miaka miwili kabla, kiraka nilichokuwa nikimwonyesha kila aliyekubali kuinama.

Kosa langu la kwanza lilikuwa jepesi, na naliona kwa watu wengi wanaojitengenezea magari nyumbani. Nilisugua kutu kwa brashi ya waya mpaka ikang'aa kidogo, nikakata bamba la chuma, nikalibandika juu ya tundu na kulizungushia mchomeleo. Kwa macho lilipendeza. Lakini kingo za bamba zilikuwa zimeshikwa na chuma kilichokwisha liwa kikabaki chembamba kama kopo, na katikati ya bamba na chuma cha zamani nilikuwa nimefungia kutu, unyevu na hewa. Ndani ya kile kifuko kutu iliendelea na kazi yake bila kusumbuliwa na mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliyaficha kwa bamba jipya na rangi nyeusi.

Ukitaka kuelewa kwa nini, tazama jinsi chesesi inavyooza. Pikapu nyingi za zamani zina chesesi ya mtindo wa ngazi: miimo miwili mirefu iliyounganishwa na mihimili ya kukingama. Pengine mwimo ni wa mfereji, upande mmoja uko wazi. Pengine ni boksi, umefungwa pande zote nne. Wa mfereji unaukagua wote kwa macho. Boksi ndilo hudanganya, kwa sababu matope na maji ya chumvi huingia kupitia matundu madogo, hukaa chini, na kutu huanza ndani ikielekea nje. Unapoona lengelenge kwenye rangi ya nje, ndani kumekwisha. Kikulacho ki nguoni mwako. Halafu kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara kadhaa, ndiyo maana mabamba mawili yaliyopandana yakishikwa na kutu katikati hufunguka kama kurasa za kitabu kilicholowa. Ukiona chuma kimefura hivyo, usidhani kimeongezeka unene.

Wala usijilaumu sana kwamba hukulitunza gari. Mwaka 2016 Toyota, kampuni inayosifiwa kwa magari yasiyochoka, ilikubali kumaliza kwa mapatano kesi ya wateja nchini Marekani iliyohusu kutu kwenye chesesi za baadhi ya pikapu zake za Tacoma na Tundra pamoja na Sequoia. Chuma ni chuma.

Mara ya pili nilianza na nyundo badala ya mashine. Nyundo ndogo ya kichwa cha mviringo, na masikio. Chuma kizima kikigongwa hulia, mlio unakwenda mbali na nyundo inaruka mkononi. Kilichooza hutoa sauti ya kufa, kama unagonga ubao uliolowa, na magamba yanadondoka. Nilipita mwimo wote hatua kwa hatua, kila penye sauti mbovu nikaweka alama ya chaki, kisha nikarudi na bisibisi kuchokonoa kila alama kwa nguvu zangu zote. Usikionee huruma chuma. Kama bisibisi inaweza kukitoboa, barabara itakivunja.

Sehemu za kuanzia ni zile zinazohifadhi matope: juu ya ekseli ya nyuma pale mwimo unapopinda, panaposhikiliwa hanga, yaani vishikizo vya springi, nyuma ya tangi la mafuta, chini ya miguu ambayo bodi hukalia juu ya chesesi, na kila mahali palipopandishwa bamba juu ya bamba. Kwangu ugonjwa ulikuwa upande mmoja, kuanzia mbele ya hanga ya nyuma kwenda mbele kama nusu mita. Kwingine kulikuwa na kutu ya juujuu, ile inayotoka kwa brashi na kuacha chuma chenye vidoti vidoti. Hiyo haihitaji kuchomelewa. Inahitaji kusafishwa na kupakwa.

Hapa lazima ujiulize swali ambalo hakuna mtu anapenda kuulizwa: je, inafaa kutengenezwa? Nilijiwekea mpaka. Kama ningekuta uozo pale panapofungwa boksi ya gia za usukani, au kwenye mashikizo ya mikono ya sasipensheni ya mbele, ningelivuta gari kwa fundi aliyesomea kuchomelea, au ningetafuta chesesi nzima. Vilevile kama miimo yote miwili ingekuwa imeoza mahali pamoja, maana hapo hakuna upande mzima wa kupimia. Na kabla ya kuwasha mashine, ulizia sheria za ukaguzi wa magari za unakoishi, kwa sababu kuna mahali ambapo chesesi iliyochomelewa nyumbani haipiti, au hupita kwa masharti. Jambo jingine: malori makubwa na baadhi ya magari mapya yana chesesi ya chuma kilichoimarishwa kwa moto kiwandani. Ukikichomelea unakiharibia ugumu wake. Maneno yangu ni ya pikapu ya zamani yenye chesesi ya chuma laini cha kawaida.

Maandalizi yalinila siku mbili, kuchomelea kwenyewe hakukufika nusu siku. Nilitoa tangi la mafuta. Sikulifunika kwa gunia lililolowa wala sikulisogeza pembeni. Nililitoa na kulipeleka mbali. Mvuke wa petroli ndio unaolipuka, na tangi tupu lina mvuke mwingi kuliko lililojaa. Boliti za mikanda ya tangi zilikuwa zimeganda, nikazimwagia mafuta ya kulainisha kutu jioni, nikarudia asubuhi, na bado moja ilikatika. Ukibahatika kukatikiwa na moja tu, shukuru. Kisha nikasogeza nyaya na mabomba ya breki yanayopita kwenye mwimo, nikachomoa betri pande zote mbili. Waya wa ethi wa mashine niliubana kwenye chuma kisafi karibu kabisa na ninapochomelea, ili umeme usitafute njia yake kupitia beringi au vifaa vya gari.

Kuna hatari mbili ambazo hazionekani. Dawa za kusafishia breki, zile zenye klorini, zikikutana na moto wa kuchomelea hutoa gesi ya fosjini, nayo inaua. Usisafishie chuma kwa dawa hiyo kama utachomelea. Tumia brashi, grenda na asetoni, na uiache ikauke kabisa. Ya pili ni zinki. Bamba au boliti yenye mng'ao wa zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe unaokuletea homa usiku huohuo, unatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Ikwangue zinki yote kwanza, na ufanyie kazi penye hewa.

Gari likae kwenye stendi imara za kushikilia gari lililoinuliwa, sakafu ngumu, na stendi zishike mwimo huku na huku ya sehemu utakayokata. Hili nalisisitiza. Ukikata mwimo ambao haujashikiliwa, unashuka milimita chache bila kelele, wewe unachomelea, na tangu siku hiyo gari linakwenda kiubavu kama kaa. Kabla ya kukata nilipima kwa tepu kutoka tundu la kiwandani upande huu hadi tundu la upande wa pili, kimshazari, kisha mshazari mwingine, nikaandika vipimo kwenye mlango wa gereji kwa chaki. Nikachomelea pia chuma cha pembe kwa muda ubavuni mwa mwimo, kuvuka sehemu mbovu, ili kisogee chochote kitakachosogea lakini si mwimo.

Ndipo nikakata. Na hapa ndipo niliposhindwa mara ya kwanza: kata mpaka ukutane na chuma kizima, si mpaka utakapochoka. Nilianza na kipande cha ukubwa wa kiganja. Kingo zikaonekana nyembamba kama wembe. Nikaongeza. Zikawa bado. Nilipofika penye unene kamili, milimita 3 kwa kalipa, kile kipimo chenye midomo inayobana chuma, tundu lilikuwa na urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, na moyo wangu ulikuwa umeshuka. Kutoka ndani ya boksi nilichota magamba na matope yaliyojaa nusu ndoo.

Kipande cha kujazia nilikichora kwanza kwenye karatasi ngumu ya boksi, nikaijaribu mpaka ikakaa, ndipo nikakata chuma cha unene uleule. Usiweke chuma kinene mno ukidhani unasaidia. Penye badiliko la ghafla kutoka kigumu kwenda laini ndipo mpasuko huanzia. Kipande kikae ndani ya tundu, kingo zikitazamana, ukiacha mwanya mdogo ili moto uzame hadi chini. Baada ya kukichomelea na kukisawazisha, ndipo unaweza kupachika bamba la kuimarisha ubavuni, na bamba hilo lisiwe na ncha zilizokatwa wima. Kata ncha ziwe za mshazari, kama umbo la kishada cha kurusha angani, na pembe uziviringishe. Mchomeleo wa wima unaokatisha mwimo juu hadi chini ni sawa na kuuchorea mstari wa kuvunjikia. Wa mshazari hugawa mzigo. Kingo za juu na chini za mwimo, zile zinazobeba mkazo mkubwa chesesi ikijipinda kwa mzigo, niliziepuka kadiri nilivyoweza. Katikati ya bamba nilitoboa matundu machache na kuyajaza mchomeleo, ili lishikane na mwimo hata mbali na kingo.

Mashine? Nilitumia ya elektrodi, vile vijiti vya kuchomelea. Kwa chuma cha milimita 3 elektrodi za 6013 ni rahisi kuzitawala. Za 7018 huacha mchomeleo mgumu na mnyumbufu zaidi, zile tarakimu 70 zikimaanisha nguvu ya kuhimili kuvutwa ya pauni 70,000 kwa inchi ya mraba, ila ni lazima ziwe kavu kabisa. Zikinyonya unyevu, faida yake inageuka kuwa nyufa. Mwenye mashine ya waya na gesi ya mchanganyiko, asilimia 75 ya agoni na 25 ya kabonidayoksaidi, atafanya kazi safi zaidi, mradi asichomelee penye upepo unaopeperusha gesi. Vyovyote vile, kwanza chomelea vipande viwili vya unene huohuo mezani, vibane kwenye jiliwa, uvipige nyundo mpaka vipinde. Mchomeleo ukibanduka, wewe bado hujawa tayari kulala chini ya gari. Mimi nilibandua vinne.

Chomelea vipande vifupi vya urefu wa kidole, ukirukaruka kutoka upande hadi upande, uache chuma kipoe chenyewe. Usikimwagie maji. Weka ndoo ya maji na kizimamoto karibu, na mtu wa kutazama cheche zinakoangukia, kwa sababu wewe ndani ya kofia huoni. Ukimaliza usiende kulala mapema. Kaa hapo saa nzima ukinusa.

Nikapima tena ile mishazari. Mmoja ulikuwa umepungua milimita moja. Nililala vizuri.

Kupaka rangi sitakueleza kwa urefu. Dawa ya kugeuza kutu, ile yenye asidi ya fosfori au tanini, ni nzuri kwa vidoti vilivyobaki, lakini haiongezi nguvu hata kidogo, na ukiipaka juu ya magamba utakuwa umeyapamba tu. Juu yake praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, kisha rangi. Usipake lami nene juu ya kutu. Hukauka, hupasuka, na maji yakipita chini yake hayatoki. Ndani ya boksi, ambako brashi haifiki, nilipuliza nta ya kuzuia kutu ndani ya matundu kwa mrija mrefu wenye ncha inayotawanya pande zote, nikiuvuta taratibu kurudi nyuma hadi nta ikaanza kutoka kwenye matundu ya chini. Fanya hivyo baada ya kuchomelea, si kabla, maana nta inawaka.

Hayo matundu ya chini ndiyo niliyoyapuuza miaka yote. Yako pale ili maji yatoke, na yangu yalikuwa yamezibwa na udongo mgumu kama tofali. Sasa kila nikiosha gari napitisha waya kwenye kila tundu, naingiza mpira wa maji kwenye ncha ya mwimo, kisha nainama kutazama rangi ya maji yanayotoka. Wiki iliyopita yalitoka na mchanga kidogo, mweusi, bila wekundu.