Je, ni marehemu mume wangu aliyesema nami?

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Mume wangu alikuwa mvuvi, amefariki mwaka jana. Rafiki amenipeleka kwa mama mmoja hapa Malindi anayeongea na wafu. Tuliweka mikono mezani, meza ikasogea. Akataja jina la utani aliloniita marehemu. Sasa anataka shilingi 3,000 za kikao cha pili. Je, ni yeye? Mbona Sauli alizungumza na Samweli? – Mjane, Muyeye

JIBU: Amina, dada. Pole sana. Kumtamani mumeo si dhambi.

Kuhusu meza, Michael Faraday, mwanasayansi Mwingereza na Mkristo wa dhati, alilichunguza jambo hilo mwaka 1853. Alipanga kadibodi juu ya meza, moja juu ya nyingine, zikashikana kwa gundi laini, watu wakaweka mikono juu. Kadibodi za juu zilisogea kwanza, meza ikafuata. Watu waliisukuma wenyewe bila kujua, na waliapa hawakufanya hivyo. Kwa hiyo huenda hata huyo mama anaamini anachokisema.

Jina la utani nalo, jiulize: rafiki yako halijui?

Mtindo huu wa vikao ulianza kuvuma Marekani mwaka 1848, kwa mabinti wa ukoo wa Fox waliodai kwamba wafu waliwajibu kwa milio ya kugonga. Mwaka 1888 mmoja wao, Margaret, alionyesha hadharani New York kwamba milio ile aliitoa kwa viungo vya vidole vya miguu. Baadaye alikana ungamo hilo, lakini watu walikuwa wamekwisha kuisikia ile milio ikitoka miguuni mwake.

Sasa Sauli. Soma 1 Samweli 28 polepole. Mfalme Sauli alimwendea mwanamke wa Endori aliyeita wafu, amwitie nabii Samweli aliyekuwa amekwisha kufa. Mwanamke huyo alipomwona Samweli alipiga kelele kwa sauti kuu. Kama kuita wafu ndiyo ilikuwa kazi yake ya kila siku, alishtuka nini? Wakristo hatukubaliani kama alikuwa Samweli mwenyewe kwa idhini ya Mungu, au pepo. Mimi naona ni Samweli, na kwamba Mungu ndiye aliyemleta, si mwanamke yule. Tena Samweli hakumpa Sauli faraja hata kidogo, na 1 Nyakati 10:13 yahesabu kikao kile miongoni mwa sababu za kifo chake. Kumbukumbu la Torati 18 lakataza waziwazi kuwaomba wafu.

Zile 3,000 usipeleke, dada. Na ukilemewa usiku, usikae peke yako: waite akina mama wa kanisani kwako, mlie pamoja, muombe.