Zombi asijue kwamba anachekesha

Swali lilikuwa hivi: mtu anachekaje huku kwenye skrini watu wanaliwa, kwa nini filamu nyingi za vichekesho vya mazombi (maiti waliofufuka na kula watu) zinachosha baada ya dakika 20, na anayetaka kupiga filamu fupi ya aina hii aanzie wapi. Majibu yote matatu yanatoka sehemu moja: mwendo wa zombi.

Zombi wa kawaida anajikokota, haongei, hachoki, wala hana kisasi na mtu. Akianza kuja, anakuja tu. Ndiyo maana anafaa kwenye vichekesho kuliko muuaji mwenye kisu au mnyama mkali, maana hao wakitokea ni kutimua mbio. Zombi akiwa hatua ishirini anakupa muda, na binadamu akipewa muda mbele ya hatari ataanza kubishana. Wanaochekesha ni walio hai. Zombi kazi yake ni kuendelea kuja.

Chukua Shaun of the Dead ya Edgar Wright, 2004, hadithi ya London. Wafu wawili wameingia kwenye bustani nyuma ya nyumba. Shaun na rafiki yake Ed wana kasha la santuri, wanazirusha kulenga vichwa. Ila kabla ya kurusha wanazichambua! Purple Rain ya mwanamuziki Prince, hapana. Batman, ya Prince huyohuyo, rusha. Wanaongea kama watu wanaopunguza vitu kabatini, na wala hawaongei kwa sauti ya kuchekesha. Sasa rudia kipande hicho ukiwatazama wafu peke yao. Hawabadilishi mwendo, hawakunji sura, hawaoni ajabu. Angekonyeza mmoja tu, kila kitu kingeanguka.

Kuna kingine kwenye filamu hiyohiyo. Philip, baba wa kambo wa Shaun, alilalamikia muziki wa makelele ndani ya gari akiwa hai. Akishageuka zombi, muziki bado unapiga, ananyoosha mkono na kuuzima. Ni sekunde chache, hakuna neno, na mtu mzima aliyewahi kuishi na mzee wa namna hiyo anaelewa papo hapo. Halafu tazama mama yake Shaun: ameng'atwa, amekaa kimya asiwasumbue wenzake, na mwisho mwanawe analazimika kumpiga risasi. Hapo hakuna mzaha hata chembe, na ni sahihi kabisa.

Filamu nyingi huharibika hapo. Kila kifo kinafanywa mzaha, kwa hiyo kufika dakika ya 20 mtazamaji hamhofii mtu yeyote. Hofu ikiisha, wale wanaobishana mbele ya zombi wanabaki watu wanaobishana tu. Kuongeza damu hakusaidii. Damu nyingi huchekesha pale tu inapovuka mpaka wa akili, kama Peter Jackson alivyofanya na mashine ya kukata nyasi kwenye Braindead ya 1992. Katikati ya kidogo na kupita kiasi ni kinyaa tu.

Mtu atauliza, mbona The Return of the Living Dead ya 1985 ina mazombi wanaokimbia na inachekesha? Kweli, lakini mwongozaji wake, Dan O'Bannon, aliuhamishia mzaha kwenye mipango ya kuwaua. Wanamchoma maiti kichwani kwa sururu kama filamu zinavyofundisha, hafi. Wanamkatakata, vipande vinaendelea kuchezacheza. Wanamteketeza kwenye tanuri, moshi unapanda mawinguni, mvua inanyesha makaburini na kuwaamsha wengine wote. Kila dawa inazaa ugonjwa mkubwa zaidi. Ukitaka zombi wa mbio, uwe na mtiririko mkali kama huo.

One Cut of the Dead ya Shinichiro Ueda, Japani, 2017, usiizime mapema. Dakika 37 za mwanzo ni shoti moja isiyokatwa, yaani kamera haikuzimwa, na zina vimya vya ajabu vinavyoonekana kama makosa. Nusu ya pili inaonyesha kwa nini kila kimya kilikuwepo. Mfano bora kwa mwenye bajeti ndogo.

Kwa anayepiga: pima umbali kabla ya kuandika maongezi. Zombi anayekwenda nusu mita kwa sekunde anamaliza mita 10 kwa sekunde 20. Kwa sekunde mbili kila kauli, una kauli 10, si 15. Zikizidi, waigizaji wa zombi wataanza kupunguza mwendo kusubiri, na kamera inaliona hilo. Waweke wanaobishana na zombi ndani ya fremu moja. Ukikatakata kati yao, mtazamaji hajui umbali umebaki kiasi gani, na bila umbali hakuna kicheko.

Kila zombi mpe hitilafu moja ya mwili, asiiache: huyu anaburuta mguu wa kushoto, yule shingo imelala. Ukiwaachia wachague siku ya kupiga, wote watanyoosha mikono mbele.

Damu: kikombe kimoja cha sharubati nzito ya sukari isiyo na rangi, kijiko cha chai cha rangi nyekundu ya chakula, matone mawili ya bluu, nusu kijiko cha unga wa kakao uliokorogwa kwanza kwenye maji kidogo. Bila kakao, damu inapitisha mwanga na kuonekana kama juisi chini ya taa. Ukizidisha bluu inakuwa zambarau. Kwa damu ya kwenye nguo tu, tone la sabuni ya maji hurahisisha kufua, lakini hiyo isikaribie mdomo wa mwigizaji. Andaa shati tatu zinazofanana kwa kila anayeng'atwa, kwa sababu shoti ya kwanza haitakuwa sahihi na shati lililolowa halirudi kuwa safi siku hiyo.