Maswali ya Wasomaji: Je, Rebmann Alipanda Kibo?

SWALI: Ndugu Mhariri, Bwana Yesu asifiwe. Kamati ya jubilei ya usharika wetu inaandaa kijitabu cha historia. Mzee mmoja wa kanisa ameandika kwamba Johannes Rebmann alipanda Kilimanjaro mwaka 1848 na kuanzisha kanisa la kwanza la Kilutheri huku kwetu. Mwalimu wa kwaya anabisha, na kikao kimevunjika mara mbili. Tusaidieni.
Msomaji, Machame

JIBU: Amina. Mwalimu wa kwaya yuko sahihi. Rebmann hakupanda Kibo, kilele cha Kilimanjaro, wala hakuacha usharika wowote Uchagani. Alizaliwa Gerlingen, Ujerumani, mwaka 1820, akasomeshwa Basel, Uswisi, lakini waliomtuma Afrika ni CMS, misioni ya Kianglikana ya Uingereza. Wengi huteleza hapo: wakisikia Mjerumani wanadhani ni wa Leipzig, misioni ya Kilutheri ya Ujerumani. Kituo chake kilikuwa Rabai, bara ya Mombasa, alikofanya kazi na Johann Ludwig Krapf tangu 1846, na hakuondoka moja kwa moja hadi 1875.

Uchagani alikuja mara tatu, na kijitabu chenu kisizichanganye safari hizo. Ya kwanza ilianza Rabai tarehe 27 Aprili 1848, kiongozi wa msafara akiwa Bwana Kheri. Walipita nyika kavu, wakakata milima ya Taita, na tarehe 11 Mei, yapata saa nne asubuhi, Rebmann akaona weupe juu ya mlima. Kwanza alidhani ni wingu, kumbe ni theluji. Safari hiyo iliishia Kilema kwa Mangi Masaki, yaani mtawala wa huko, kwa hiyo Machame haimo.

Machame inaingia katika safari ya pili, mwishoni mwa 1848, alipopokewa vizuri na Mangi Mamkinga. Ya tatu, Aprili 1849, ndiyo iliyoharibika. Alikusudia kupita Machame hadi Unyamwezi, akachukua wapagazi wapatao 30 wenye vitambaa na shanga. Bidhaa hizo ndizo zilizokuwa nauli ya njia nzima, maana kila mtawala alitaka chake. Mamkinga akazidai kidogo kidogo hadi mzigo ukaisha. Halafu ni masika, njia zote tope, na Rebmann akarudi pwani akiwa hoi kwa homa na kuhara damu. Kupanga safari ya masafa yale mwezi wa Aprili, tena kupitia kwa mangi mwenye nguvu huku umebeba mali yote mbele ya macho yake, haukuwa mpango mzuri.

Kwa hiyo andikeni hivi: 1848, Rebmann wa CMS azuru Machame, 1893, wamisionari wa Leipzig waanzisha kituo Machame, pale Nkwarungo. Kati ya hizo mbili ni miaka 45. Jubilei hesabuni kuanzia ya pili. Na neno “aligundua mlima” lifuteni. Wachagga walikuwa wakilima chini yake, na watu wa misafara ya pwani walikuwa wakiupita kila mara.

SWALI: Kwa nini Ulaya walimkatalia Rebmann kuhusu theluji?
Mwanafunzi, Moshi

JIBU: Kwa sababu hakuwa na vipimo, alikuwa na macho na daftari tu. William Desborough Cooley wa London, mtaalamu wa ramani ambaye hakuwahi kufika huku, alishikilia kwamba karibu na Ikweta theluji haiwezekani. Hesabu yenyewe ni rahisi. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hadi 6.5. Moshi mjini iko kwenye mita 800 hivi na Kibo 5,895, tofauti ya mita 5,000 na ushei. Toa nyuzi 30 au zaidi katika joto la mchana wa Moshi, utaona kinachobaki. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipanda zaidi ya mita 4,000, theluji ikawaangukia. Cooley bado alibisha.

SWALI: Vijana wetu wanataka kuuona mlima kutoka upande aliouona Rebmann. Twende lini?
Katibu wa vijana, Himo

JIBU: Yeye alitokea mashariki, upande wa Taita, kwa hiyo mtavuka Holili kuelekea Taveta, kisha mshike barabara ya Voi. Mvukaji mpaka awe na hati zake. Msisubiri kukumbushana dirishani. Januari na Februari ndiyo miezi ya kuutegemea mlima. Juni hadi Agosti mawingu hukaa siku nzima, mtarudi na picha za ukungu. Muwe mmeshafika kabla ya saa mbili asubuhi. Rebmann aliuona saa nne, lakini siku nyingi saa hiyo wingu linakuwa limeshapanda kutoka msituni na kuufunika.