Kuvuka Alpi kwa gari la viti viwili: panga safari yako kwa saa

Ukimwambia mtu wa Hamburg kwamba kesho utaendesha kilomita 250, atahesabu saa mbili na nusu, kisha atakuuliza mchana umepanga kufanya nini. Kilomita hizo hizo ukiziweka kati ya Andermatt, Uswisi, na Bormio, Italia, kupitia Chur, Davos na Santa Maria, zinameza siku nzima. Njiani unavuka njia za milimani za Oberalp (mita 2,044), Flüela (2,383), Ofen (2,149) na Umbrail (2,501). Unasubiri ng'ombe wavuke barabara, unakwama nyuma ya gari lililokokota nyumba ya likizo, na kila kona yenye mandhari mwenzako anataka picha.

Nawaandikia hasa ndugu zangu mlioko huku Ulaya, ambao mkishapata gari la spoti wazo la kwanza ni kushuka nalo mpaka Italia. Wazo ni zuri sana. Ila ratiba nyingi ninazoombwa nizipitie zimejaa kilomita: leo 600, kesho 500, keshokutwa Roma. Gari lenye viti vigumu, springi fupi na paa la turubai halikutengenezwa kwa ratiba hiyo. Siku ya tatu mgongo utakuwa unauma na hamtakuwa mkiongea.

Kwangu mimi siku za barabara kuu ziwe chache na ndefu, siku za milimani ziwe fupi. Milimani hesabu wastani wa kilomita 40 kwa saa, usikae kwenye usukani zaidi ya saa sita, na baada ya siku mbili za kona weka siku moja ambayo gari halitoki kabisa. Siku hiyo ndiyo akiba yako pia: mvua ikinyesha kutwa au njia ikifungwa kwa maporomoko, ratiba haivunjiki.

Kutoka Hamburg hadi mpaka wa Uswisi ni kilomita mia nane na ushee, karibu zote za Autobahn, yaani barabara kuu za Ujerumani. Najua wengi mnaingoja sehemu hii kuliko zote, kwa sababu ya vipande visivyo na kikomo cha spidi. Nawaambia bila kuficha: ndiyo sehemu inayochosha kuliko zote. Spidi inayopendekezwa ni 130, na mimi hukaa hapo hapo. Mazda MX-5 yangu, mtumba wa heshima, ina tangi la lita 45. Kwa 130 nakwenda karibu kilomita 500 kabla ya kutafuta mafuta. Nikikanyaga mpaka 180, muda niliouokoa barabarani naurudisha kwenye foleni ya sheli, na kelele za paa zinanifuata mpaka usingizini. Halafu kumbuka, kuishiwa mafuta kwenye Autobahn ni kosa, maana kusimama pale bila dharura hakuruhusiwi. Foleni ikisimama, njia ya kushoto kabisa isogee kushoto na wengine wasogee kulia ili gari la wagonjwa lipite katikati. Anza kusogea magari yakianza tu kupunguza mwendo, usingoje ving'ora. Ukichoka kabisa na wazo la kilomita 800, kuna treni ya usiku inayobeba magari kutoka Hamburg hadi Lörrach, mlangoni mwa Uswisi. Ulizia mapema vipimo, kwa sababu gari la chini sana linaweza kukwaruza kwenye njia ya kupandia.

Sasa gari lenyewe. Watu wakijiandaa huosha gari na kubadilisha oili, wakamaliza. Mimi huanza na breki. Aliyewahi kuteremka mlima wa Kitonga, Tanzania, nyuma ya lori linalonuka breki hahitaji maelezo marefu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani kadiri miaka inavyopita, na yenye unyevu huchemka kwa joto dogo zaidi. Yakichemka hutoa mapovu, na mapovu yakiingia kwenye mfumo, pedali inazama bila gari kushika. Kama mafuta yako yamepita miaka miwili, yabadilishe kabla ya safari, hata kama fundi anasema pedi bado nene. Kwenye mteremko shuka na gia ya pili, kanyaga breki kwa nguvu na kwa muda mfupi kabla ya kona, kisha achia. Kuning'iniza mguu kwenye breki kilomita kumi mfululizo ndiko kunakozichemsha. Pedali ikianza kulainika, tafuta eneo la kuegesha upumzike nusu saa. Usizimwagie breki maji.

Matairi: soma tarakimu nne zilizo mwishoni mwa alama ya DOT ubavuni. 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la spoti la miaka minane linaweza kuwa na kashata (meno ya tairi) za kutosha na bado likateleza kama sabuni kwenye lami baridi ya asubuhi. Pima upepo likiwa bado baridi, na ufuate kipimo cha gari lililobeba mzigo. Magari mengi ya aina hii hayana spea. Yana chupa ya gundi na pampu ndogo. Gundi inaziba tundu la msumari, haizibi tairi lililopasuka ubavu, na Jumapili jioni kijijini hakuna fundi. Ndiyo sababu bima ya msaada wa barabarani kwangu si anasa. Hakikisha inagharimia kulirudisha gari nyumbani kutoka nchi nyingine, maana nyingine zinaishia kwenye kulivuta hadi gereji ya karibu. Namba ya dharura Ulaya nzima ni 112.

Mzigo nitausema kwa haraka: buti la MX-5 ni lita 130 hivi, na sanduku gumu haliingii. Mikoba laini miwili, nguo zilizokunjwa mviringo, na siku moja ya kufua katikati ya safari. Humo humo lazima zipatikane nafasi za pembetatu ya tahadhari, vizibao vya kung'aa na sanduku la huduma ya kwanza. Vizibao viweke pale mkono unapofika ukiwa umekaa. Chukua jaketi hata kama ni Julai, kwa sababu kwenye mita 2,500 theluji ya Julai si hadithi. Kofia na mafuta ya jua pia. Nasikia watu wetu wakisema ngozi yetu haihitaji. Endesha saa tano paa likiwa wazi kule juu, halafu tuongee. Watoto, kwa bahati nzuri au mbaya, wanabaki kwa shangazi yao.

Hati ndizo zinazotutofautisha na majirani zetu. Ukiwa na pasipoti ya Tanzania au Kenya na kibali cha ukaazi cha Ujerumani, unaruhusiwa kuzunguka nchi nyingine za Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), Uswisi ikiwemo, hadi siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180. Beba pasipoti yenyewe pamoja na kadi ya ukaazi. Picha kwenye simu haitoshi. Ujerumani ilianza tena ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, na mimi, mtu mweusi kwenye gari jekundu lililo wazi, husimamishwa kuliko mwenye gari la familia aliye mbele yangu. Siku hizi nimeacha kukasirika. Naweka hati zote kwenye bahasha moja, mikono juu ya usukani, salamu kwanza, na dakika kumi za ukaguzi nimezihesabu tayari.

Ndugu zangu wa Uingereza hali yenu ni tofauti: ukaazi wa London hauwapi Schengen. Mwenye pasipoti yetu anahitaji viza, na huombwa kwa nchi atakayolala usiku mwingi zaidi, ambayo huenda isiwe ile mtakayoingilia. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, kwa hiyo nafasi ya ubalozini itafutwe kabla ya kulipia hoteli. Kisha usukani wenu uko kulia. Kwenye gari la chini, kuovateki lori ukiwa upande huo ni kamari. Mwache aliyekaa kushoto achungulie, na akisita, usitoke. Kuhusu leseni: ya Tanzania au Kenya Ujerumani huitambua miezi sita tu tangu uhamie. Baada ya hapo, ukikamatwa, unahesabiwa kuwa unaendesha bila leseni.

Tuje kwenye njia. Kila mtu anataka Stelvio, njia ya milimani ya Italia. Ina haki ya kutakwa: mita 2,757, kona 48 za kujipinda upande wa Prato, barabara iliyojengwa kati ya 1820 na 1825 chini ya mhandisi Carlo Donegani, enzi za magari ya farasi. Na hapo ndipo penye shida, kwani kona zimebana mno hivi kwamba unapanda kwa gia ya kwanza na ya pili, katikati ya baiskeli, pikipiki na mabasi yanayohitaji barabara nzima kugeuka. Kwa picha, nenda. Kwa raha ya kuendesha, kuna bora zaidi. Ukitaka vyote viwili, fika kabla ya saa mbili asubuhi siku ya kazi, au panda kupitia Umbrail ukitokea Uswisi, unywe kahawa kileleni, ushuke Bormio.

Ninayoipenda kuliko zote ni Susten ya Uswisi, kati ya Innertkirchen na Wassen. Ilikamilika miaka ya 1940 na ilichorwa kwa ajili ya magari tangu mwanzo, kwa hiyo kona zake ni pana na unaziona mapema. Iunganishe na Furka (2,429) na Grimsel (2,164), upate duara la kilomita 120 hivi. Lala Andermatt au Meiringen, ufanye duara hilo bila mizigo, hata mara mbili, kila mara kwa upande tofauti. Njia hizi za juu hufungwa kwa theluji. Zifikirie kuanzia katikati ya Juni hadi mwanzoni mwa Oktoba, na usiku wa kuamkia safari hakikisha kila njia iko wazi. Mimi huchagua Septemba. Agosti Ulaya nzima iko barabarani, na karibu na tarehe 15, sikukuu ya Ferragosto, vyumba Italia ni vya kugombania.

Mambo mawili yatakayokushangaza kule juu. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Stelvio unabaki na kama robo tatu, kwa hiyo nafasi ya kuovateki uliyoizoea nyumbani iongeze. La pili ni basi la njano la posta la Uswisi. Ukisikia honi ya sauti tatu kwenye kona, simama na umpishe. Ana haki ya njia, na dereva akikuelekeza urudi nyuma, rudi nyuma.

Spidi Uswisi si mzaha. Kijijini, ukizidisha kilomita 1 hadi 5 kwa saa ni faranga 40. 11 hadi 15 ni faranga 250. Ukizidisha 60 pale penye kikomo cha 80 hiyo si faini tena: ni kesi ya jinai, na gari linaweza kutaifishwa. Austria nayo tangu Machi 2024 inaweza kulichukua gari la aliyezidisha kupita kiasi. Programu za simu zinazoonya kuhusu kamera ni haramu Uswisi, zizime mpakani. Stika ya malipo ya barabara kuu za Uswisi ni faranga 40, hakuna ya wiki. Siku hizi inanunuliwa mtandaoni na kufungwa kwenye namba ya gari. Nunua kwenye tovuti ya serikali, maana madalali wanaoongeza chao ni wengi.

Mafuta jaza Livigno. Ni mji wa Italia usiotozwa kodi, hauko mbali na Bormio, na tofauti ya bei utaiona bila miwani. Kwingineko Italia tafuta pampu iliyoandikwa Self. Ya Servito ni ghali kwa sababu mtu anakushikia bomba.

Hoteli iulize maswali mawili kabla ya kulipa: maegesho yana mteremko mkali kiasi gani, na je, iko ndani ya ZTL? Hayo ni maeneo ya katikati ya miji ya Italia ambayo wageni hawaruhusiwi kuingia na gari, na mlinzi wake ni kamera. Hoteli nyingi zilizo ndani zinaweza kuandikisha namba yako, lakini uwaombe kabla hujaingia. Faini haitakupata siku hiyo: sheria ya Italia inawapa siku 360 kumfikishia barua anayeishi nje ya nchi. Ukilipa ndani ya siku tano tangu uipokee, inapungua kwa asilimia 30. Kwa hiyo risiti za hoteli na za maegesho usizitupe mpaka mwaka uishe. Kama walisahau kuandikisha namba ya gari lako, ndizo zitakazokutetea.