Jibu: Johnny Hallyday alikuwa Mmarekani au Mfaransa?

Mkuu, umeuliza kama huyu jamaa, mwimbaji wa rock, ni Mmarekani kwa sababu ya jina. Hapana. Ni mtoto wa Paris, kazaliwa 15 Juni 1943, jina halisi Jean-Philippe Smet, baba Mbelgiji. Baba aliingia mitini mapema, dogo akalelewa na shangazi yake. Binamu yake aliolewa na mcheza dansi Mmarekani aliyejiita Lee Halliday, na hapo ndipo jina lilipotoka. Sahani yake ya kwanza ya muziki ya mwaka 1960 ilipotoka, wachapaji walikosea wakaandika "Hallyday". Kosa likabaki hivyo hivyo mpaka kaburini!

Kuhusu muziki, wapo wanaomdharau kwamba alikuwa anaiga tu rock ya Marekani. Mimi nawaambia: Oktoba 1966, pale Olympia, ukumbi wa muziki wa Paris, aliyemtangulizia jukwaani alikuwa mpiga gitaa Mmarekani Jimi Hendrix, enzi hizo hajulikani. Johnny ndiye aliyemwona London akamchukua. Sikio alikuwa nalo.

Filamu nyingi alizocheza ni za kupita tu. Ukitaka moja, tafuta L'Homme du train ya 2002: yeye ni jambazi mchovu, anamwomba mwalimu mstaafu amfundishe kuvaa ndara za nyumbani. Haimbi hata kidogo, na hapo ndipo nilipomkubali.

Alifariki Desemba 2017 kwa saratani ya mapafu. Paris ilijaa watu na pikipiki mamia, Rais Macron akamsemea nje ya kanisa la Madeleine. Kazikwa Saint-Barthélemy, kisiwa cha Ufaransa huko Karibi.

Ugomvi wa mirathi? Huo fungulia uzi wake.