Kodi ya kiwambo cha sauti imefutwa, usajili uko palepale

Ndugu aliyeuliza ameeleza kwamba anaishi Texas, ana kadi ya kijani, yaani kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu, na jirani yake amemwambia kuwa tangu Januari 2026 mtu anaweza kujitengenezea kiwambo cha sauti cha bunduki, yaani kifaa cha kupunguza mlio kinachofungwa mdomoni mwa mtutu, gerejini kwake kwa sababu serikali haidai tena hela. Anataka kujua kama hilo ni kweli, na kama kutengeneza ni nafuu kuliko kununua. Mimi niko Houston, kazi yangu ni kukereza vyuma, na ninamiliki kiwambo kimoja nilichonunua kihalali kwa ajili ya kuwinda nguruwe pori. Si mwanasheria, lakini njia hii nimeipita mwenyewe, na kwa kuwa mashine ya kukereza ninayo, swali la kutengeneza au kununua nililipigia hesabu muda mrefu.

Jirani amesikia nusu ya habari. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1934 iliweka kodi ya dola 200 kwa kila kiwambo kinachotengenezwa au kinachohama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na wakati ule fedha hizo zilizidi mara nyingi bei ya kiwambo chenyewe. Kiasi hicho hakikubadilishwa hadi Rais Trump aliposaini, tarehe 4 Julai 2025, sheria iliyokishusha hadi sifuri kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Kilichoguswa ni kodi peke yake. Fomu, picha, alama za vidole, upekuzi wa rekodi na kibali cha ATF, yaani idara ya shirikisho inayosimamia silaha, vyote vimebaki kama vilivyokuwa. Anayenunua husubiri Fomu namba 4 iidhinishwe kabla ya kukichukua kiwambo dukani, na anayetengeneza husubiri Fomu namba 1 iidhinishwe kabla ya kugusa chuma. Zipo kesi zinazodai kwamba usajili hauna msingi tena baada ya kodi kuondoka, lakini kesi iliyoko mahakamani haimlindi mtu anayekamatwa leo.

Hapa ndipo ninapomwomba ndugu yangu atulie kidogo. Kumiliki kiwambo kisichosajiliwa ni kosa la shirikisho lenye kifungo cha hadi miaka 10. Mmarekani wa kuzaliwa akihukumiwa hutumikia kifungo chake kisha hurudi nyumbani. Sisi wa kadi ya kijani tuna mlango mwingine wa kuogopa, kwa sababu sheria ya uhamiaji inakitaja kifungu hiki cha silaha kwa namba yake miongoni mwa makosa mazito yanayomfanya mtu afukuzwe nchini, yanayomnyima karibu kila utetezi mbele ya hakimu wa uhamiaji, na yanayomfungia moja kwa moja njia ya kupata uraia. Kwa hiyo bei ya kiwambo cha gerejini usiihesabu kwa dola tu. Ama wale walioko hapa kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya matembezi, hao kwa kawaida hawaruhusiwi kumiliki hata bunduki yenyewe, isipokuwa kwa misamaha michache kama ile ya mwenye leseni halali ya uwindaji.

Jirani huyohuyo huenda akakuambia pia kwamba Texas ilipitisha sheria mwaka 2021 inayosema kiwambo kilichotengenezwa Texas na kubaki Texas hakiihusu serikali ya shirikisho. Sheria hiyo ipo kweli. Kansas nao walipitisha inayofanana nayo mwaka 2013, na wakazi wawili wa huko, muuzaji na mnunuzi, waliiamini; wote wawili walitiwa hatiani katika mahakama ya shirikisho, mahakama ya rufaa ikathibitisha hukumu mwaka 2018, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi yao. Walipewa kifungo cha nje tu, lakini rekodi ya jinai walibaki nayo.

Sasa kuhusu kutengeneza. Mwenye Fomu namba 1 iliyoidhinishwa anaruhusiwa kutengeneza kiwambo kwa matumizi yake mwenyewe, na lazima achonge juu ya chuma jina lake, mji wake, jimbo lake na namba ya pekee ya kiwambo, vyote kwa kina kisichopungua inchi 0.003, na namba hiyo iwe na urefu usiopungua inchi 1/16. Kwangu mimi kuchonga si kazi, ila asiye na mashine atamlipa mtu. Nilipopiga hesabu ya titani, vifaa na saa zangu za kazi, niliona ningeokoa labda dola mia mbili au tatu, na hapo sijaweka hasara ya kipande kitakachoharibika. Tena kikishaharibika, sheria inakihesabu kipande kimoja cha ndani kuwa ni kiwambo kamili, hivyo huruhusiwi kujikerezea cha akiba ukakiweka kabatini. Kilichotoka kiwandani unakirudisha kwa aliyekitengeneza naye anakishughulikia kwa leseni yake.

Zile seti zinazouzwa mtandaoni kwa jina la vifaa vya kunasia mafuta ya kusafishia bunduki, usizisogelee. Kwa tafsiri ya sheria, mkusanyiko wa vipande uliobuniwa na kukusudiwa kuunda kiwambo tayari ni kiwambo, na mwaka 2022 ATF ilikataa kwa mkupuo mamia ya maombi ya Fomu namba 1 kwa hoja hiyohiyo. Waombaji wale walikuwa wamefuata utaratibu kwa nia njema, na bado walijikuta wameshaandika majina yao na anwani zao kwenye fomu.

Kazini kwangu pia wamewahi kuniomba niwakerezee. Kumtengenezea mtu mwingine ni uzalishaji wa silaha, na kunahitaji leseni ya dola 150 kwa miaka mitatu, kodi maalumu ya dola 500 kwa mwaka kwa biashara ndogo, na usajili katika Wizara ya Mambo ya Nje ambao sasa unafika dola 3,000 kila mwaka. Nikiwatajia hesabu hiyo huwa wanacheka na kurudi kwenye mashine zao.

Kununua basi. Cha bunduki ndogo ya .22 hupatikana kwa dola 300 hadi 500. Cha bunduki ya kuwindia huanzia kama 600 na kupanda kupita 1,000. Ongeza mtutu wenye nyuzi za kufungia, maana kama wako hauna, fundi wa silaha atakutoza kuzichonga. Changu nilikinunua mwaka 2022, nikalipa zile dola 200 za kodi, na nikangoja miezi kumi. Mwezi mmoja ulipotea kwa sababu ya majina: kadi yangu ina jina langu, la baba na la babu, na karani wa duka akaligeuza la baba kuwa la ukoo, fomu ikarudi. Vidole navyo vilisumbua, kwa kuwa mikono ya mkereza vyuma imelika; afisa alinipaka losheni na kuvibiringisha upya mara tatu ndipo mistari ikasomeka. Siku hizi maombi ya kielektroniki yamewahi kuidhinishwa kwa siku chache tu.

Usitarajie ukimya wa sinema. Mlio wa bunduki ni kama desibeli 160, na kiwambo hupunguza 20 hadi 35, kwa hiyo masikio hupata nafuu lakini jirani bado atasikia.

Ukisafiri, fahamu kwamba majimbo manane hayaruhusu raia wa kawaida kumiliki kiwambo: California, New York, New Jersey, Massachusetts, Illinois, Hawaii, Rhode Island na Delaware. Ukienda kuwatembelea jamaa Lowell, huko Massachusetts, kiache nyumbani. Kukipakia kwenye sanduku la kwenda Dar au Mombasa bila leseni ya Marekani ya kusafirisha silaha nje ni kosa jingine kabisa.

Mwisho, kiwambo kilichosajiliwa kwa jina lako ni chako peke yako. Mke wangu hajui namba za sefu, na si kwa sababu ya siri za ndoa; ni kwamba akiweza kukichukua wakati mimi sipo, anaweza kuhesabiwa kuwa anakimiliki bila kibali. Dawa yake ni kukisajili kwa amana ya familia, yaani mpango wa kisheria unaoshika mali kwa niaba ya wanafamilia, ambapo kila mhusika hutoa picha na alama zake za vidole. Zamani kukihamisha kungenigharimu dola 200 nyingine. Sasa ni bure, na Fomu namba 4 ya kukihamishia kwenye amana nimeshaanza kuijaza, safari hii majina nikiyaandika mwenyewe.