Kuipenda tamthilia yenye chuki ndani yake

Dada yangu, umeuliza kama ni kosa kuipenda Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969 ya tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice, ilhali Shylock, mkopeshaji fedha, anatukanwa kwa Uyahudi wake. Si kosa. Ila usijilazimishe kusema matusi yale hayapo.

Kilichonisaidia mimi ni kutenganisha anayoyasema mhusika na yale ambayo mchezo wenyewe unayaunga mkono. Shylock anapouliza kama Myahudi hana macho, kama akidungwa hatoki damu, Shakespeare amempa maneno mazito kuliko ya wanaomtemea mate. Hapo chuki inaonyeshwa, haisifiwi. Lakini mwishoni analazimishwa kuwa Mkristo, na wahusika tunaotakiwa kuwapenda wanaona huo ni msamaha. Hapo siwezi kumtetea mwandishi. Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza tangu 1290, miaka 300 hivi kabla ya tamthilia hiyo, kwa hiyo watazamaji wake wengi walimjua Myahudi wa masimulizi tu.

Kuna pengine ambapo wengi hupapita haraka. Wanaotaka kumwoa Portia, msichana tajiri, hupimwa kwa kuchagua sanduku moja kati ya matatu. Mwana wa mfalme wa Moroko, mtu mweusi, anapochagua sanduku lisilo sahihi, Portia anafurahi na kuomba wote wenye rangi yake wachague vivyo hivyo. Mara ya kwanza nilifunga kitabu. Niliumia kwa sababu nilikuwa nimeshampenda Portia, na akiwa mahakamani, amejifanya mwanasheria katika kesi ya Shylock, bado nampenda. Ukimwazima mdogo wako kitabu hicho, mwonyeshe na ukurasa huo, mzungumze.